Mtumishi wa Kaunti kati ya Ndugu Zake

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda juu ya bahari, matatu hujipanga kando ya barabara kuu ya Mtwapa zikiita abiria wa kwenda Mombasa. Hupanda makarani, walimu, mafundi, wapishi wa mahoteli, wachukuzi wa bandarini na wasichana wa madukani. Huvuka daraja lililo juu ya hori ya Mtwapa, na huko ng'ambo ndiko wanakopata mishahara yao. Jioni hurudi kula na kulala. Mtwapa imo katika Kaunti ya Kilifi, bali riziki ya wengi wa wakaaji wake imo Mombasa.

Mji huu umekua kwa haraka sana. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 walihesabiwa watu wapatao 48,000. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa wamepita 90,000. Mahali palipokuwa na minazi na mashamba ya mihogo sasa pamesimama nyumba za orofa, na kila aliyemo ndani yake ataka maji, ataka njia ya kupita, ataka mahali pa kutupa taka, na ataka zahanati iliyo wazi mtoto wake anapougua. Pesa huchumwa upande mmoja wa daraja, na taka hutupwa upande wa pili.

Basi ni nani azizoaye taka hizo? Ni nani afunguaye zahanati, na kuyapima majengo, na kutoza ushuru wa soko? Ni mtumishi wa kaunti. Watu wengi humwona kila siku, lakini wachache waijua kazi yake, na wachache zaidi wajua ni taabu gani kuifanya kazi hiyo kati ya watu waliokuzaa na kukulea.

Mimi ni karani katika kaunti moja ya Pwani. Jina la ofisi yangu sitalitaja, kwa maana baadhi ya mambo nitakayosimulia ni makosa, na mengine ni makosa yangu mwenyewe. Lakini mambo ya sheria na ya mapato nitayatolea mfano wa Kilifi, kwa kuwa yameandikwa wazi, na kila mwenye kujua kusoma aweza kuyasoma.

ILIVYOKUWA ZAMANI

Yafaa ikumbukwe ya kuwa kazi hii si mpya. Serikali ya kikoloni iliunda Mabaraza ya Wenyeji tangu mwaka 1924, na mwenyekiti wake alikuwa D.C. mwenyewe. Mwaka 1950 mabaraza hayo yakageuzwa kuwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 zikaja halmashauri za kaunti, za miji na za manispaa. Halmashauri za kaunti zilikuwa na kazi kubwa: shule za msingi, afya na barabara. Lakini Bunge lilipitisha sheria mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1970 kazi hizo tatu zikachukuliwa na Serikali Kuu. Zilizobaki zilikuwa masoko, leseni, machinjio, taka na mengine kama hayo.

Hapo ndipo halmashauri zilipopata sifa mbaya. Mwananchi hakuona tena shule wala dawa iliyotoka kwa halmashauri. Alimwona mtoza ushuru na askari tu. Askari hao watu waliwaita kanjo, na jina hilo lingali likitumika hata leo, ingawa halmashauri zenyewe zimekwisha kufa.

Zilikufa kwa Katiba mpya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, halmashauri zote 175 ziliondoka na mahali pake pakaja serikali za kaunti 47. Kilifi ilikuwa mojawapo. Ina majimbo saba ya uchaguzi, tangu Rabai na Kaloleni upande wa bara hadi Malindi na Magarini upande wa kaskazini, na wadi 35. Watu wake, kwa hesabu ya mwaka 2019, walikuwa 1,453,787. Mtu aliyelala akiwa karani wa Manispaa ya Malindi, au wa Halmashauri ya Mji wa Mariakani, aliamka akiwa mtumishi wa Kaunti ya Kilifi. Wauguzi na madaktari waliokuwa chini ya wizara huko Nairobi nao wakaletwa wakawa wenzake.

KAZI ZA KAUNTI NI ZIPI?

Katika Jedwali la Nne la Katiba zimetajwa kazi 14 za kaunti. Kwa ufupi ni hizi: kilimo na mifugo, zahanati na hospitali zisizo za rufaa za taifa, barabara ndogo na taa zake, masoko na leseni za biashara, mipango ya ardhi na majengo, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, maji na usafi, zimamoto, kuzoa taka, na kuwashirikisha wananchi katika mambo ya utawala. Kazi hii ya mwisho huonekana ndogo, lakini nitarudi kwayo, kwa maana ndiyo iliyonifundisha mengi.

Mambo ambayo si ya kaunti ni haya: polisi, shule za msingi na za sekondari, hati za kumiliki ardhi, vitambulisho, na barabara kuu. Karani aketiye katika ofisi ya wadi hutumia nusu ya asubuhi kuwaeleza watu jambo hili. Huja mzee mwenye fimbo, ametembea tangu alfajiri, ataka hati ya shamba lake. Huja kijana aliyepoteza kitambulisho. Huja mwenye matatu akigombeza kwa sababu ya shimo lililo katika barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Barabara hiyo ni ya Serikali Kuu, bali shimo limevunja chuma cha gari lake, naye hataki kusikia habari za Jedwali la Nne.

Zaidi ya hayo, chifu na naibu wake ni watumishi wa Serikali Kuu, na msimamizi wa wadi ni mtumishi wa kaunti. Mara nyingi ofisi zao huwa hatua chache tu mbali. Mwananchi hutumwa huku, kisha hutumwa kule, hata akadhani ya kuwa anachezewa. Mimi nimejiwekea kanuni moja: simwambii mtu "si kazi yetu" bila kumwambia ni kazi ya nani, na nyumba yake iko wapi, na siku gani huwa wazi. Haigharimu kitu, na mzee yule hurudi nyumbani akiwa na njia ya kufuata, ingawa hana hati.

FEDHA YATOKA WAPI?

Fedha ya kaunti hutoka katika visima viwili vikubwa. Kisima cha kwanza ni Serikali Kuu. Katiba yasema ya kwamba kaunti zote kwa pamoja hazitapewa chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, fungu la Kilifi peke yake lilipita shilingi bilioni 11. Kisima cha pili ni mapato ya kaunti yenyewe: ushuru wa ardhi, leseni za biashara, ada za majengo, maegesho ya magari, ushuru wa soko. Wala hakuna ada iwezayo kutozwa bila sheria. Ndiyo sababu kila mwaka Bunge la Kaunti hupitisha Sheria ya Fedha, na viwango vyote huandikwa humo.

Fedha yote ikusanywayo haina budi kutiwa katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Kuitoa kwataka idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Hospitali na zahanati ziliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 2023 kubaki na mapato yao ili ziyatumie mahali pale pale, lakini soko halina ruhusa hiyo. Shilingi ya mwuza samaki haikai sokoni. Huenda kwanza hazinani, ikachanganyika na za wengine, kisha hurudi kwa njia ya bajeti, au hairudi.

Tena ziko hesabu mbili ambazo kila mwananchi angefaa azijue. Sheria yataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende katika maendeleo, na kanuni za mwaka 2015 zakataza mishahara kupita asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi zimeshindwa kuushika mpaka huo wa pili. Maana yake ni kwamba mimi na wenzangu twaweza kuwa wengi kupita kiasi, tukala fedha ya dawa na ya visima. Si jambo tamu kwa karani kuliandika, lakini ndivyo lilivyo.

MAMA MDOGO NA RISITI

Sasa nisimulie habari yangu mwenyewe. Nilipoajiriwa niliwekwa katika sehemu ya mapato, na kituo changu kilikuwa soko moja dogo la pembeni mwa mji. Kila mwuzaji alilipa ushuru wa siku, kiasi kisichofika bei ya mkate, akapewa risiti. Kati ya wauzaji hao alikuwamo mama yangu mdogo, ndugu ya mama aliyenizaa. Huuza mahamri na samaki wa kukaanga. Mama huyo alinichukua nilipokuwa katika shule ya misheni, akanilisha na kunilipia sehemu ya karo kwa mahamri hayo hayo.

Siku ya kwanza nilimkuta ameketi penye meza yake. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akacheka kwa furaha, akawaambia majirani, "Mwaona, huyu ni wangu." Nilipoitoa mashine ya risiti, kicheko kikaisha. Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, tulikusomesha ili uje ututoze?"

Sikuweza kumjibu. Nikafanya jambo nililoliona kuwa la hekima. Nilitoa pesa mfukoni mwangu, nikamlipia, nikachapa risiti, nikaitia mfukoni bila kumwonyesha. Hivyo nikafanya siku ile, na kesho yake, na kwa muda wa wiki tatu. Nilijiambia ya kuwa sikuiba. Vitabu vilikuwa sawasawa, na kaunti haikupungukiwa hata senti moja.

Lakini soko lina macho. Wanawake wenzake waliona ya kwamba mama wa karani hatoi pesa. Wa kwanza alisema hana chenji. Wa pili alisema atalipa jioni. Mwishoni mwa mwezi wauzaji kumi na mmoja wa safu ile walikuwa wakikataa, na mmoja wao akaniambia mbele ya watu wote: "Toza kwanza nyumbani kwenu."

Katika ofisi yetu alikuwako mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu, aliyeanza kazi zamani za halmashauri. Nilimweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza: "Risiti yake iko wapi?" Nikamwonyesha, zote zimo mfukoni mwangu. Akasema: "Basi wewe umelipa, na wewe umepokea risiti. Yeye hajalipa, wala hana cha kuonyesha. Siku akitaka kuuliza pesa za soko zimekwenda wapi, atauliza kwa nguvu ya nini? Umemfadhili kwa shilingi chache, ukamnyang'anya sauti yake." Kisha akaongeza ile methali ya wazee, ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kesho yake nilimwendea mama mdogo kabla ya soko kufunguliwa. Nilimwomba radhi, kisha nikamwomba alipe kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wenzake. Alilipa. Aliitupa ile pesa mezani bila kunitazama, akaichukua risiti kana kwamba ina uchafu. Kwa muda wa miezi mitano hakufika nyumbani kwangu, hata siku ya Krismasi. Mke wangu alimpelekea chakula, akakipokea, asiulize habari zangu.

Wenzake wote walirudi kulipa katika juma lile lile.

JARIBU LA MISHAHARA INAYOCHELEWA

Hapa sina budi kutaja jambo jingine ambalo watu wa nje hawalioni. Fedha ya Serikali Kuu mara nyingi hufika kwa kaunti ikiwa imechelewa, na ikichelewa, mishahara huchelewa pia. Imetokea katika kaunti nyingi watumishi wakakaa mwezi mmoja, au miwili, au zaidi, bila malipo. Mtoza ushuru katika siku hizo hushika maelfu ya shilingi za umma tangu asubuhi hadi jioni, na yeye mwenyewe hana nauli ya kurudi kwake. Mwenye duka amekwisha kumfungia daftari la mkopo. Mtoto amerudishwa kutoka shuleni.

Sisemi haya ili kumtetea mwizi. Nasema ili msomaji ajue kwa nini kaunti nyingi zimeanza kupokea malipo kwa simu, yaende moja kwa moja hazinani bila kupita mkononi mwa karani. Wengine wetu tulinung'unika mashine zilipoletwa. Mimi nilishukuru. Mtu mwenye njaa hafurahii kulala na mfuko wa fedha usio wake.

UKUTA WA MWALIMU

Nilihamishwa kutoka mapato nikapelekwa kwenye idara ya majengo, nikawa karani wa mafaili. Katika miji ya pembeni kama Mtwapa idara hii haina raha. Mtu hununua kiwanja kidogo, na kwa kuwa kodi ya nyumba ni tamu, hujenga mpaka kwenye kona ya mwisho ya kiwanja, na pengine hujenga na nje yake. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yataka kila mwenye kujenga apate kibali cha kaunti kwanza. Wengi hujenga kwanza, kisha huja kutafuta kibali, na wengine hujenga usiku.

Siku moja faili liliwekwa mezani mwangu, nikaona jina la mwalimu wangu wa zamani, aliyenifundisha hesabu na kunifundisha kusema kweli. Ukuta wake ulikuwa umeziba mkondo wa maji ya mvua. Alikuja mwenyewe, amevaa koti lake la shule, akaniita kwa jina langu la utoto. Hakunipa rushwa. Aliniomba tu faili lile lilale kidogo mpaka akamilishe paa.

Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003, iliyotumika wakati ule, ilituelekeza jambo la kufanya. Mtumishi asishughulike na shauri linalomhusu yeye au watu wake. Amweleze mkubwa wake, shauri lipewe mwingine. Nilifanya hivyo siku ile ile, na nilimwambia mwalimu nimefanya hivyo. Mwenzangu alikwenda akapima, na ukuta ukabomolewa sehemu yake. Hata leo nikikutana na mwalimu njiani, hunipita. Mvua za masika zilipokuja, maji yalipita katika mkondo ule, na nyumba sita za chini hazikujaa maji. Wenye nyumba hizo hawajui jina langu wala la mwenzangu, wala hawajui ya kuwa palikuwa na faili.

MAMA MDOGO ALIVYOSIMAMA

Nilisema nitarudi kwenye ile kazi ya mwisho, ya kuwashirikisha wananchi. Kila mwaka kaunti haina budi kuita mikutano ili watu waseme mahitaji yao kabla ya bajeti kupitishwa. Watu wengi hawaji. Husema ni kupoteza siku. Wengine huja kwa ajili ya soda. Mwaka ule nilitumwa kuandika mambo yatakayosemwa katika mkutano wa wadi ile yenye soko letu, nami niliketi mezani pamoja na wakubwa.

Baada ya wanasiasa kusema sana, alisimama mama yangu mdogo. Mkononi alikuwa na risiti zake zote, amezitunga katika uzi kama dagaa. Nyingine maandishi yake yalikuwa yamefifia kwa jua. Akasema: "Mimi si msomi. Lakini nimelipa, na hizi ndizo risiti. Choo cha soko kimefungwa mwaka mzima. Sisi wanawake twakwenda vichakani, na wateja wetu pia, kisha mwatuambia tuuze chakula kwa usafi. Karani huyu ni mwanangu. Alinifundisha ya kuwa asiyelipa hana nguvu ya kuuliza. Mimi nimelipa. Leo nauliza."

Watu walipiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa, kwa kuwa nilikuwa nimemfundisha nusu tu ya kweli. Kwa sheria, hata asiye na senti ya kulipa ana haki ya kuuliza. Bali ni kweli pia ya kwamba aulizaye akiwa na risiti mkononi husikilizwa upesi zaidi.

Wakubwa walinitaka nimjibu. Ilikuwa mwezi wa Juni, na jibu langu lilikuwa chungu. Nilimweleza hivi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hupelekwa kabla ya tarehe 30 Aprili. Jambo lisiloandikwa katika mpango wa Septemba ni vigumu kuliingiza katika bajeti ya Aprili, na lisilo katika bajeti ya Aprili halina fedha mwezi wa Julai. Ombi litolewalo mwezi wa Juni limechelewa kwa karibu mwaka mzima. "Basi," akauliza mama mdogo, "mbona mmetuita mwezi wa Juni?"

Hakuna aliyejibu. Niliandika swali lake neno kwa neno katika taarifa ya mkutano, na wakubwa wangu hawakulifuta. Mwezi wa Agosti uliofuata mkutano mwingine uliitishwa, mapema kama inavyotakiwa. Choo kikaandikwa katika mpango wa Septemba, kikaingia katika makadirio ya Aprili. Fedha ilichelewa, mkandarasi akachelewa, na mlango wa choo kile ulifunguliwa karibu miaka miwili tangu siku ile ya risiti. Ni choo cha kawaida tu, chenye tangi la maji na bomba la kunawia mikono. Asubuhi ya kufunguliwa kwake mama mdogo alinipelekea mahamri ofisini. Nilimlipa bei yake. Akaichukua pesa, akaihesabu, akacheka: "Leo mimi sina risiti ya kukupa."

KWA WATAKAO KAZI HII

Vijana wengi huniuliza jinsi ya kuingia katika kazi ya kaunti. Nawajibu hivi. Nafasi hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na kuomba kazi hakutozwi hata senti. Mtu akuambiaye kwamba anamjua mkubwa fulani, umpe kitu akuingize, anauza kisicho chake. Tena usidhani ya kuwa kazi ya kaunti ni ya kabila moja. Sheria ya mwaka 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini zipewe watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti hiyo. Katika mji kama Mtwapa, ambao wakaaji wake wametoka pande zote za Kenya, sheria hiyo ina maana.

Lakini ajiulize kwanza jambo moja. Karani wa Nairobi hutawala watu asiowaona. Karani wa kaunti hutoza ushuru kwa mama yake, hupima ukuta wa mwalimu wake, na jioni huketi kanisani au msikitini pamoja nao. Akiwapendelea, ameharibu kazi. Akiwadharau kwa sababu ya cheo chake, ameharibu nyumba. Njia iliyo katikati ni nyembamba, wala mshahara haujaongezwa kwa ajili yake.

Na kwa mwananchi nina maneno mawili. La kwanza: ulipapo, daima dai risiti, uitunze, hata kama karani ni mwanao. La pili: usingoje Juni. Nenda mwezi wa Agosti kwa msimamizi wa wadi yako, uulize mkutano wa mpango wa maendeleo ni siku gani na wapi, nawe uende na jirani yako, mseme mtakalo, na mhakikishe ya kuwa karani ameliandika. Sisi makarani twasahau mengi tunayoambiwa njiani. Lililoandikwa mezani mbele ya watu si rahisi kulisahau.